Nukta ya Geti Namba Tatu

Funguo za stoo ya maji nimezikabidhi mwezi uliopita, na droo yangu nimeiacha tupu isipokuwa kidonge kimoja cha uzi mweusi. Msije mkakitupa. Vijana wa zamu mliniomba kurasa mbili za namna ya kuagiza maji, nami nimejikuta naandika habari nzima. Vyeo nimeviruka, maana niliingia pale nikiwa mtu wa stoo na nimetoka nikiwa mtu wa stoo mwenye miwani. Ninachotaka mkijue ni ule mstari: jinsi ulivyotusaidia kubashiri kiu ya watu mia kadhaa siku moja kabla, na jinsi nilivyoutumia vibaya mpaka mwanamke mmoja wa getini akakaribia kupoteza figo na kazi kwa pamoja.

Nilitoka Mombasa nikijua duka, sikujua stoo. Dukani kwetu bidhaa ikiisha unamwambia mteja aje kesho. Pale Jebel Ali, bandarini Uarabuni, kwenye yadi ya makontena, huwezi kumwambia mtu aone kiu kesho. Siku yangu ya kwanza kuachwa peke yangu niliagiza kwa jicho. Jana yake jioni kulikuwa na kiupepo, nikajisemea joto limepungua, nikaagiza katoni chache. Ilipofika saa tano asubuhi simu zilikuwa zinalia kutoka kila ghala, nami nimesimama katikati ya stoo tupu, kalamu sikioni, kama mtu aliyealikwa harusi ya watu asiowajua.

Karani mkuu wa stoo alikuwa Mzee Suleimani, Mzanzibari wa zile familia zilizohamia zamani Deira, mtaa mkongwe wa jiji, ambaye Kiunguja chake hakikuchuja hata kidogo. Hakunigombeza. Aliazima katoni kwa majirani, akapeleka maji, akarudi, akanywa chai yake, ndipo akanitolea daftari. Lilikuwa na safu mbili tu. Ya kwanza ni joto la saa sita mchana, lililosomwa kwenye kipimajoto kilichotundikwa kivulini nyuma ya mlango. Ya pili ni katoni za maji zilizonywewa siku ile. Nikamuuliza kama ni hayo tu. Akasema ni hayo tu, na kwamba ningekuwa nimeyasoma, watu wasingekauka koo.

Alinitandazia karatasi ya grafu juu ya ubao laini. Joto likaandikwa chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Katoni zikaandikwa pembeni, kutoka chini kwenda juu. Kila siku ya daftari ikawa nukta moja. Nilitia nukta kama sitini, jasho likidondokea karatasi, na nilipoinua kichwa nikaziona zimejipanga kundi refu linalopanda kuelekea kulia. Wallahi nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa nimeziandika mwenyewe moja moja bila kujua zinachora nini.

Kisha ikaja kazi ya uzi. Tulitafuta wastani wa joto la siku zote na wastani wa katoni za siku zote, na pale viwango hivyo viwili vinapokutana Mzee akachoma pini. Uzi lazima upite hapo, alisema, hapo hapana mjadala. Kilichobaki ni kuuzungusha kwenye ile pini, kuuinua na kuulaza, mpaka nukta za juu yake na za chini yake zivutane sawasawa kotekote. Kuanzia hapo kubashiri ni kazi ya kidole: unasikiliza utabiri wa joto la kesho, unalitafuta chini ya karatasi, unapanda mpaka kwenye uzi, unageuka kushoto, unasoma katoni. Kwetu kila digrii moja iliyoongezeka ilitaka katoni kama nne zaidi. Miaka mingi baadaye kompyuta ilipotufanyia hesabu hiyohiyo, mstari wake ulipita karibu kabisa na wa uzi, na Mzee aliposikia hakushangaa hata kidogo.

Jambo moja lilinisumbua. Uzi aliukata pale pale nukta zinapoishia, kushoto na kulia. Nikamuuliza kwa nini asiuache ufike ukingoni mwa karatasi, kwani uzi ni ghali? Akaniambia huko mbele hatujafika. Labda kukiwa na joto lile kazi zote husimamishwa na hakuna wa kunywa. Labda watu huzidisha mara mbili. Uzi haujui, kwa hiyo hauna ruhusa ya kusema. Ndiyo maana nawaomba, mkiona kompyuta inawaonyesha mstari unaokwenda mpaka ukingoni, wekeni kidole pale nukta zinapoishia na msiamini kitu kilicho mbele ya kidole.

Basi ugonjwa ukanishika. Nikaanza kutia nukta za kila kitu. Nilipima wingi wa paka wa yadi na siku za samaki kantini: nukta zilishikamana na uzi utadhani zimegundishwa. Nilipima rangi za tai za meneja na hasira zake: hakuna kitu, nukta zilimwagika kama mchele. Kwenye nyumba yetu ya mtaa wa International City, tulikokaa wanane, nilipima idadi ya watu wa zamu ya asubuhi na dakika za kusubiri bafu, nikawatangazia wenzangu nani aamke saa ngapi. Walinicheka wiki nzima. Wiki ya pili walianza kuniuliza kisirisiri.

Mwaka mmoja alikuja meneja mpya, sote tukimwita sir. Akapekua daftari letu, akapekua na la chumba cha huduma ya kwanza, akagundua kwamba siku zilizotoka barafu nyingi ndizo siku walizozimia watu wengi. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Akaamua kwamba barafu ndiyo inayozimisha watu, na kwamba ipunguzwe nusu. Mzee Suleimani alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, akamuuliza kwa upole: siku nyumbani kwako kuna wageni wengi, si viatu navyo huwa vingi mlangoni? Tukivitoa viatu, wageni watapungua? Sir akatazama dirishani kule joto lilikokuwa, na barafu haikupunguzwa.

Lakini somo alilolirudia Mzee kuliko yote lilihusu zile nukta zisizotii. Siku moja ghala la tano lilikunywa karibu mara mbili ya ulivyosema uzi. Mimi nikataka kuifuta ile nukta, nikidhani nimekosea kuandika. Akanishika mkono. "Nukta ilokaa mbali na wenziwe ina jina lake, mwanangu," aliniambia. "Usiikisie. Nenda ukaiulize." Nikaenda kwa miguu, nikakuta feni kubwa la ukutani limekufa siku tatu na vijana wanajimwagia chupa vichwani. Fundi akaitwa, nukta ikarudi nyumbani.

Mzee alipostaafu akakaa kwa bintiye Deira, akaniachia kile kidonge cha uzi. Mwaka uliofuata ikaja kompyuta. Sisemi kompyuta ni mbaya, naisema kwa sababu ilinipa kiti. Namba zilikuja zenyewe kutoka kila ghala na kila geti, mstari ulijichora, na pembeni kukatokea namba ndogo ya kuonyesha nguvu ya uhusiano: ikikaribia moja, nukta zimeshikamana; ikikaribia sifuri, ni mchele. Nilikuwa na kiyoyozi, nilikuwa na chai. Nikaacha kutembea.

Wakati huo ndipo geti namba tatu, lile la mbali linalotokea malori, lilipopewa walinzi wanawake wa Kenya. Wengi walikuwa wasichana wa bara, na kiongozi wao alikuwa Nekesa, mwanamke wa Bungoma mwenye miaka thelathini na ushei, mrefu, mwenye salamu ndefu na majibu mafupi. Mimi ni mtu wa pwani wa umri wa baba yake, mwenye ndevu nyeupe, kwa hiyo aliniita mzee, na nilipopita kwa gari alisimama wima. Nilimpenda kwa adabu yake. Tulijuliana hali miaka miwili bila kuambiana neno lolote la maana.

Nukta za geti lile zilikaa chini ya mstari tangu wiki ya kwanza. Walikunywa nusu ya walivyotarajiwa, na ni geti, ambako kazi haisimami adhuhuri kama inavyosimama yadini. Ikaja Ramadhani, nikaona hawagusi chupa mchana kutwa, nikajua sababu, au nilidhani nimejua: wasichana wa Kikristo wanatustahi sisi tunaofunga. Nikampigia mke wangu Mombasa kumsifia malezi ya watu wa bara. Ramadhani ikaisha, nukta zikabaki palepale. Nikasema wamezoea.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana ndiyo sababu ya barua hii. Niliona mstari wa yadi nzima hauwafai, nikalitengea geti namba tatu mstari wake peke yake, unaolinganisha katoni zilizopelekwa na zilizonywewa. Kompyuta ikaona wametumia katoni tatu, ikasema wapelekwe tatu. Zikapelekwa tatu, mmoja akabakisha chupa ya kesho, zikatumika mbili na ushei. Ikasema mbili na ushei. Ile namba ndogo ya pembeni ikapanda karibu na moja, kwa sababu watu hawawezi kunywa zaidi ya walichopelekewa, na ubashiri wangu ukawa unatimia kila siku. Sir alifurahi, akaanza kuuliza kwa nini mageti mengine yasifuate nidhamu ya geti namba tatu. Nami nikatabasamu. Naandika hili na uso unaniwaka.

Asubuhi moja ya Agosti Nekesa alianguka getini. Halikuwa joto, yalikuwa maumivu ya mgongo yaliyompiga akiwa ameshika karatasi za dereva. Daktari alisema figo zimeshambuliwa, na kwamba mwili ule haujapata maji ya kutosha kwa miezi. Alikaa hospitali siku nne. Siku ya tano supavaiza wa kampuni yao ya ulinzi alikuja ofisini kwa sir, wakakubaliana haraka: maji yalikuwepo, mwanamke hakunywa, ni uzembe wake, arudishwe Kenya. Khalas, yamekwisha. Sir akaniagiza niandae grafu yangu kwa kikao cha Alhamisi, ili ionekane kwamba geti lile halijawahi hata siku moja kuishiwa maji.

Na kweli halikuwahi. Niliichapa ile karatasi, nikaishika mkononi. Nukta zote zilikuwa zimelala kwenye mstari wake, safi, hakuna hata moja iliyochepuka. Nikakumbuka kwamba kwenye karatasi ya yadi nzima nukta hizohizo zilikaa mbali na wenzao miaka miwili, na mimi sikwenda kuuliza jina. Nilivaa kofia nikatoka.

Nekesa alikuwa amerejeshwa kazini kwa muda kusubiri Alhamisi, amekalishwa kwenye kiti ndani ya kibanda. Nikavuta ndoo nikaigeuza nikaikalia, jambo lililomfanya ataharuki. Nikamuuliza kwa nini hawanywi maji. Akasema wanakunywa. Nikamwonyesha karatasi. Akaitazama, akatazama barabara, akasema, "Mzee, wacha tu." Nikamwambia siondoki. Akaenda akafungulia malori mawili, akarudi.

"Mzee, choo ya wanawake iko kwa ofisi," alisema bila kunitazama. "Kwenda na kurudi ni nusu saa. Na siwezi acha geti mpaka mtu akuje kunishikia, na anakuja mara moja kwa shifti. Sasa ukikunywa, utafanya nini?"

Niliuliza kwa nini hawakusema. Akaniuliza wangemwambia nani. Supavaiza wao ni mwanamume kijana mwenye mzaha. Mimi ni kama baba yake. Mambo ya choo utayaanzaje mbele ya baba yako? Hapo nilitaka ardhi inimeze, kwa sababu na mimi, mwenye mabinti watatu, nisingethubutu kumuuliza. Tulikuwa tumeheshimiana miaka miwili mpaka mtu akalazwa.

Kisha akasema lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka nainuka kitini. "Na maji yenyewe mkaanza kupunguza. Sisi tukajua mmejua. Tukaona ni njia yenu ya kutuambia, msikunywe."

Niliinuka kwenye ndoo. Nilitoka pale nikiwa na saa mkononi, nikatembea mpaka choo cha wanawake, nikarudi, nikaandika dakika. Viungo vyangu ni vya kizee, lakini hata kwa miguu ya Nekesa safari ile ilikuwa ndefu. Kesho yake na keshokutwa nikatembea kila sehemu, mageti manne na maghala sita, nikipima dakika za kwenda na kurudi chooni kwa watu wanaofanya kazi pale. Nilirudi stoo nikatandaza karatasi ya grafu juu ya ule ubao wa zamani. Chini niliandika dakika. Pembeni niliandika upungufu: chupa ngapi kila mtu amekunywa pungufu ya mstari wa yadi nzima, kwa hesabu za kabla sijaanza kuwapunguzia. Nilitia nukta kumi.

Zilipanda. Kadiri choo kilivyokuwa mbali, ndivyo watu walivyokunywa kidogo. Ghala lililo ukuta kwa ukuta na vyoo lilikunywa kama lilivyotarajiwa. Geti la kwanza lilipungua kidogo, la nne zaidi, na pale juu kabisa, ukingoni, nukta ya geti namba tatu. Mageti ya wanaume hayakupungukiwa sana, maana wanaume wana njia zao nyuma ya makontena, ambazo sitaziandika. Nilijua nukta kumi ni chache, na nilijua viatu vya mlangoni haviiti wageni. Lakini safari hii nilikuwa nimeuliza, na sababu nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu. Nikachoma pini ya wastani, nikafunga uzi, nikaukata nukta zinapoishia.

Alhamisi niliingia kikaoni na karatasi mbili. Supavaiza alisema yake. Nekesa alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mshtakiwa. Sir akageuka akaniuliza kama maji yalipelekwa. Nikasema yalipelekwa. Akanyoosha mkono achukue grafu, nami nikampa, kisha nikasema kwa Kiingereza changu cha stoo: "Sir, karatasi hii inapima nilichopeleka. Haipimi kiu. Niliona hawanywi, nikawapunguzia, nikaita nidhamu. Kosa ni langu, na nimeliwekea sahihi hapo chini." Nikaweka ya pili mezani, ubao na pini na uzi wake, maana sikuwa na muda wa kuichapa.

Sir aliinama juu ya ule uzi kwa muda. Aliuliza ile nukta ya juu ni nani. Nikamwonyesha Nekesa mlangoni. Akauliza dakika zile nimezipata wapi, nikainua mguu nikamwonyesha kiatu. Supavaiza akaanza kusema habari za mkataba, sir akamwambia asubiri. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alisema Nekesa atabaki, na barua ya kumrudisha ichanwe, kisha akaniuliza choo cha kubebeka kinachukua siku ngapi kufika. Kilichukua wiki tatu, kwa sababu yalla, yaani haraka, ya ofisini si yalla ya yadini. Katika wiki hizo tatu mtu wa kuwashikia geti alikuja kila baada ya saa mbili, na niliupeleka mwenyewe mzigo wa maji wa mstari wa yadi nzima, ule mstari wao wa peke yao nikiwa nimeufuta.

Nilimpigia simu Mzee Suleimani kumsimulia yote. Alisikiliza, nikasikia anaweka kikombe chini. "Ulikwenda?" aliniuliza. Nikasema nilikwenda. "Ulichelewa." Nikasema nilichelewa. Akaniuliza hali ya mgonjwa, nikamwambia daktari amesema figo zimepona zote mbili, akashukuru Mungu, akakata simu.

Nukta za geti namba tatu zilipanda polepole. Wiki ya kwanza baada ya choo hazikusogea, nikaingiwa na wasiwasi. Wiki ya pili zikaanza, na kabla ya Oktoba kuisha zilikuwa zimejichanganya na za wengine, nikawa siwezi tena kujua ipi ni ipi bila kusoma namba. Nilikaa nikiitazama karatasi ile kuliko nilivyowahi kutazama picha za harusi za mabinti zangu.

Siku yangu ya mwisho nilimwomba dereva wa basi anitoe kwa geti namba tatu, ingawa ni mzunguko. Nilishuka kusaini daftari la kutoka na kurudisha kadi. Malori yalikuwa yamepanga foleni, madereva wakichungulia madirishani. Nekesa aliipokea kadi, akaingia kibandani, akatoka na chupa ya maji baridi ambayo alikuwa ameshaifungua. Nikamwambia nina safari ndefu ya basi mpaka International City, bora nisinywe sasa.

"Kunywa, baba," alisema kwa sauti, mbele ya madereva wote. "Choo iko hapo."

Nikainywa yote.